Nilivyomaliza ndizi kavu za ukweni peke yangu na kuwasingizia wageni

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, mlioko kazini, mlioko safarini na mliojipumzisha.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu jukwaani, ila kuandika naandika kwa nadra. Nitakayoyaeleza yamenipata mwenyewe. Nitajitahidi nisiyapunguze pale yanaponiaibisha, wala nisiyaongeze pale yanapochekesha. Majina nimeyabadili, mambo sikuyabadili.

Ni haki msomaji aijue kwanza hali ilivyokuwa kabla ya jambo lenyewe.

Naishi Mafiga, hapa Morogoro mjini. Umri wangu ni miaka hamsini na nane. Nafundisha lugha na fasihi ya kale, na kwa miaka minne sasa nahariri mswada mmoja wa tenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ni kazi inayomtaka mtu akae kitini kutwa nzima akibishana na nukta moja.

Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Rukia, ni Mluguru wa Mgeta, upande wa chini kidogo ambako migomba bado inastahimili baridi. Tuna miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Binti yetu Rukia ameolewa Dodoma, hivyo nyumbani tulibaki wawili.

Mwezi wa saba mwaka huu mama mkwe wangu aliteleza kwenye njia ya shambani akavunjika mguu, chini ya goti. Anayezijua njia za Mgeta hatauliza aliteleza vipi. Mke wangu akapanda kwenda kumuuguza. Tuliagana kwa kukadiria wiki sita.

Yapo mambo mawili ya ukweni ambayo msomaji akiyakosa, hataelewa kilichofuata.

La kwanza: kwa familia ile, mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe. Tangu nimeoa, bibi yule hajawahi kuniona nikitia tonge mdomoni. Huandaliwa chumba cha pembeni, nikala, nikanawa, nikarudi kuzungumza naye kana kwamba sikula.

La pili ni habari ya vyombo. Mimi asili yangu ni Pangani. Kwetu chombo cha mtu hurudishwa upesi, nacho hakirudi kitupu. Kwa akina mke wangu ni kinyume chake. Chombo kilichokuletea kitu ukikibakiza kwako, umesema umeshiba, ahsante. Ukikirudisha, umesema kimekwisha na kimependeza, ongezeni.

Desturi zote mbili nilizijua vizuri. Naomba hilo likumbukwe.

Wiki ya pili tangu mke wangu aondoke, Kibwana, dereva wa lori la kabichi linaloshuka kutoka Mgeta kwenda Dar, alisimama karibu na kwangu akanikabidhi kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwa ndizi kavu.

Kwa wasiozijua, nieleze zinavyotengenezwa. Ndizi mbivu humenywa, hupasuliwa katikati kwa urefu, zikapangwa kwenye ungo na kuanikwa juani. Jua la kule halina ahadi. Ikikaribia alasiri ukungu hushuka, na nyungo zote huingizwa ndani mbio. Hufanyika hivyo siku tatu, nne, tano. Mwisho hupandishwa kwenye kichanja juu ya meko, zikamalizwa kwa moshi.

Zikiwa tayari huwa za kahawia, zinavutika kidogo menoni, tamu, na nyuma ya utamu kuna moshi wa mbali.

Harufu hiyo ya moshi naijua. Ndiyo inayokuwa kwenye kanga za mke wangu kila anaporudi kutoka kwao. Hudumu siku mbili tatu, halafu hufuliwa ikaisha.

Daktari alikuwa ameshanikataza soda na maandazi tangu miaka mitatu nyuma, nami nilitii. Kwa hiyo kopo lile nililiona kama jibu. Halikuwa na mafuta, halikuongezwa sukari, lilikuwa tunda tupu lililokaushwa na jua la Mwenyezi Mungu. Vijana wanaviita vitu vya namna hii "healthy", nami siku ile nililiafiki neno hilo bila kulidai ushahidi.

Nilijiwekea kanuni: vipande viwili kwa siku, alasiri, baada ya swala. Hoja yangu ilikuwa kwamba vipande viwili ni ndizi moja, na sijapata kusikia mtu aliyekatazwa ndizi moja.

Kanuni ilidumu siku moja.

Siku ya pili niliona kwamba tende zimesifiwa tangu zamani, na ndizi kavu, kwa qiyasi, yaani kwa kulinganisha, ni ndugu wa tende. Nikaongeza kiasi. Siku ya tatu nilijiruhusu kipande kwa kila ubeti niliousoma ukasomeka. Ubeti uliokataa kusomeka nao nikauhesabia kipande, cha kujiliwaza. Siku ya nne nilihofu kwamba joto la Morogoro litazifanya ziote ukungu, na kuharibu chakula ni dhambi.

Kopo likaisha siku hiyo.

Nimesahihisha hoja za wanafunzi kwa miaka mingi, na hoja dhaifu kuliko hizo sijapata kuiachia ipite. Zangu nilizipitisha zote.

Nililiosha kopo, nikatia sukari na majani ya chai, nikampa Kibwana alirudishe. Nilijiambia kwamba hiyo ni adabu, chombo cha mtu hakikawizwi. Nilichagua desturi iliyonifaa nikaiita adabu.

Ndani nilitia barua. Kwa akina mke wangu simu haikamati mtandao mpaka mtu apande kilimani, na simu yake ni ya batani, kwa hiyo tulizungumza Jumapili tu, dakika chache, yeye akihema kwa kupanda. Mengine niliyaandika. Katika barua ile niliandika hivi: "Ndizi zimewapendeza sana wageni."

Hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Niliandika hivyo kwa sababu mtu wa umri wangu, tena mkwe, haandiki kwamba amekula kwa siku nne kitu alichopewa kimtoshe mwezi.

Jumapili mke wangu aliniambia mama amefurahi sana, tena ameuliza wageni wenyewe ni akina nani. Nikataja walimu wenzangu. Wiki iliyofuata nikaongeza wanafunzi. Ya tatu nikawatia majirani wa msikitini. Nilijikuta nina wageni wengi kuliko viti.

Kule juu, habari ile ilimpa bibi kazi. Alikuwa mtu wa kukaa mkekani kutwa, mguu umenyooshwa, na mikono yake mizima haikuwa na la kufanya. Sasa alikuwa na wasomi wa mjini wanaomngojea. Alimenya, alipasua, alipanga. Kopo likawa ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko.

Kibwana ndiye aliyeanza kushuku. Siku moja alinikabidhi ndoo, akachungulia barazani, akasema, "Mwalimu, naambiwa hapa siku hizi ni hoteli. Mbona sioni hata kandambili moja mlangoni?"

Nikamwambia wageni wametoka sasa hivi.

"Wametoka na viatu vyao, sawa," akasema. "Na makombo je, wameondoka nayo?"

Aliondoka akicheka, na kila wiki aliyopita aliniuliza kama hoteli ina nafasi.

Niseme kidogo habari za nyumba, maana bila hiyo picha haikamiliki.

Mke wangu hana maneno mengi, wala mimi. Kwa miaka yetu yote, alasiri ikifika huniletea chai mezani, akauliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Nikimjibu, yeye huitikia "Haya," akatoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya alasiri, na sikupata kuyaona kuwa ni kitu.

Alipoondoka, saa ile ilibaki tupu. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia jirani akichambua mchele. Kanga yake moja ilibaki nyuma ya mlango wa chumba, nami sikuigusa, nilipita kando yake. Usiku nililala upande wangu wa kitanda, ingawa upande wa pili haukuwa na mtu wa kuudai.

Saa ile ya chai ndiyo niliyokuwa nikifungua ndoo. Nilikuwa nikiinusa kwanza.

Wiki sita zikatimia. Katika simu ya Jumapili, mke wangu akasema mama sasa anatembea kwa mkongojo, anafika hadi kisimani. Kisha nikasikia upepo wa kilimani tu ukipita kwenye simu yake.

Nilijua nilipaswa kusema nini. Badala yake nikajiambia kwamba si uungwana kumvuta mtu kutoka kwa mama yake mgonjwa, na kwamba mwenyewe akiwa tayari atasema. Nikamuuliza kama wiki ile kutakuwa na ndizi.

Akasema, "Zitakuwapo, Baba Rukia."

Ikapita wiki ya saba, ya nane, ya tisa. Barua zikaendelea kupanda, ndoo zikaendelea kushuka.

Mwezi wa kumi, kazini kwetu waliletwa wauguzi kutupima afya. Nilipanga foleni nikiwa na utulivu wa mtu asiyekunywa soda. Nesi aliyenipima, Sista Grace, alitazama kipimo, akakirudia, halafu akaniomba nikae vizuri.

Sukari ilikuwa imepanda.

Aliniuliza kuhusu soda, chai, pombe, wali. Majibu yangu yote yalikuwa safi. Akauliza ninakula nini katikati ya mlo na mlo.

"Matunda tu," nikasema.

"Matunda gani?"

"Ndizi. Zilizokaushwa."

"Kiasi gani, Mwalimu?"

"Kadiri ya kiganja."

"Kiganja mara ngapi?"

Wakuu, mimi huhesabu mizani za shairi kwa vidole hata nikiwa usingizini. Swali lile sikuwa na idadi yake.

Akasema kwa upole, bila kunicheka, "Ndizi ikikauka, yanayoondoka ni maji. Sukari haina pa kwenda." Kisha, akiendelea kuandika, akaniuliza mama wa nyumbani anasemaje kuhusu ulaji huo.

Nikamwambia hayupo, amekwenda kuuguza.

"Tangu lini?"

"Siku themanini na tisa," nikasema.

Sista Grace akaweka kalamu mezani. "Hizo umezihesabu," akasema.

Nilisaini karatasi yangu nikaondoka. Lakini nilipofika nyumbani sikukaa kwenye mswada. Ilinidhihirikia kwamba nilikuwa nimeshindwa kutaja idadi ya kitu nilichokila kila siku kwa mikono yangu, na nikataja bila kufikiri idadi ya siku ambazo sikuwahi kukusudia kuzihesabu.

Jumamosi nikapanda Mgeta na lori la Kibwana, likirudi tupu kutoka Dar. Njiani hakunitania. Aliniuliza tu kama kuna msiba, nikamwambia hapana.

Niliposhuka barabarani nilitembea karibu saa nzima kwa miguu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, njia inateleza, na kwenye kila mteremko watu walikuwa shambani.

Nilimkuta mama mkwe barazani, kisu mkononi, beseni mbele yake. Nyungo nne zilikuwa zimesogezwa ndani ya kizingiti kuepuka manyunyu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wageni wako hawajambo?"

Nikasema hawajambo, maana ulimi ulikuwa umeshazoea.

Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Ndizi za shamba lake zimekwisha tangu wiki mbili nyuma, na jua nalo limeadimika, lakini amebadilishana na jirani, ametoa maharage yake akapewa mikungu. Wasomi hawatakosa.

Maharage yale ndiyo yaliyokuwa akiba yake ya chakula. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, ananitazama. Alikuwa amekonda kidogo, na mikono yake ilikuwa na udongo.

Nikakaa chini, mkekani, si kwenye kiti nilichowekewa.

"Mama," nikasema, "hakuna wageni. Hawakuwapo tangu mwanzo. Nimekula mwenyewe."

Kisu kikasimama.

"Zote?"

"Zote, Mama."

Bibi akanitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopata kunitazama. Kisha akajifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Miaka yote hii," akasema alipoweza, "sijamwona mkwe wangu akitafuna. Nilikuwa namuuliza huyu binti, mumeo anakula kweli, au anaishi kwa vitabu?"

Akafuta macho, akachukua mkongojo wake, akainuka kwa mguu uliopona kabisa, akasema anakwenda kumrudishia jirani mkungu ambao haujamenywa. Alituacha wawili.

Mke wangu hakucheka.

"Mguu wa mama umepona tangu mwezi wa nane," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakurudi.

"Hukuniita."

Nilitaka kumweleza habari ya uungwana, na kwamba sikutaka kumvuta kutoka kwa mgonjwa. Nilikuwa nimeiandaa hoja hiyo njiani, ina mpangilio mzuri. Akaingia ndani akatoka na bahasha zangu, zimefungwa kwa uzi.

"Barua kumi na moja, Baba Rukia. Nimezisoma zote, nyingine mara mbili mbili. Ndizi zimo kila mahali. Mimi simo hata katika moja."

Hoja yangu nikaiacha.

Nikasema, "Nimekukumbuka."

Neno hilo nimelisoma katika mashairi mara zisizo na hesabu, nimelifundisha, nimelieleza asili yake darasani. Kumwambia mtu aliyesimama mbele yangu, sidhani kama nilikuwa nimewahi.

Alikaa pembeni yangu. Akachambua udongo uliokauka kwenye vidole vyake. Kisha akasema, "Ungeniambia mwezi wa nane. Sasa nimepanda viazi."

Akanyoosha kidole kwenye mteremko mkali ng'ambo ya korongo, palipolimwa matuta mapya.

Ardhi ya kwao hurithiwa upande wa mama. Kipande kile ni fungu lake, na kilikaa miaka mingi bila jembe kwa sababu alikuwa mjini nami. Alipoona wiki sita zimepita na mimi nauliza ndizi tu, alifikiri nyumba ya Mafiga imejaa watu na haina upungufu. Akalilima. Mbegu za viazi aliziingiza ardhini siku kumi kabla sijafika.

Nikamwambia tuviache, mtu mwingine atavitunza.

"Nani? Mama hawezi kupanda kule. Na viazi vya huku havina subira, ukungu ukivishika wiki moja vyote vimekwenda. Nikivitelekeza, ukoo mzima utasema nimechezea fungu la mama zangu." Akanigeukia. "Nataka kurudi. Usidhani sitaki. Lakini viazi haviachwi, Baba Rukia."

Hakukosea.

Nililala huko usiku mmoja. Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, tukitembea polepole zaidi ya ilivyohitajika. Kabla lori halijafika aliniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nikamwambia ule ule alioniacha nao. Akasema, "Haya."

Wakuu, funzo nililolipata ni dogo na halihitaji kitabu. Kitu hakiwi salama kwa kuwa tu kimetoka shambani, kiasi chake ndicho kinachoamua. Na mtu akijikuta ana visingizio vitano kwa jambo moja, asiendelee kuvipanga vizuri. Avisogeze kando vyote atazame kilichofichwa nyuma yake. Mimi nyuma ya vyangu nilimkuta mke wangu, wakati yeye ameshapanda viazi.

Kama yupo aliyewahi kuomba kitu kidogo kwa sababu aliona aibu kuomba kikubwa, aandike hapa chini, nitamsoma kwa heshima. Na wenye ujuzi wa viazi mviringo vya milimani, hasa kuhusu kupalilia kwenye mteremko bila kuteleza, mniongoze pia. Sitaudhika kusahihishwa.

Kipimo cha mwezi uliofuata kilishuka, ingawa hakijafika anapotaka Sista Grace. Mama mkwe hakai tena mkekani, na maharage yake nusu yamerudi. Kila Jumamosi napanda Mgeta, nashika jembe upande mmoja wa tuta na mke wangu upande wa pili, na Jumapili nashuka peke yangu. Viazi vitavunwa baada ya wiki tano.